Niliwaambia Waongezeke

Mwaka 2012, mjini Pangani, niliwatoza watu pesa kwa kitu ambacho hakikuwafikia. Sikutia shilingi mfukoni. Kila senti ilikwenda ilikoandikwa kwenye risiti. Lakini ni mimi niliyewaambia walipe, na siku ninawaambia, kwenye kompyuta yangu kulikuwa na mchoro ulioonyesha wazi kwamba malipo hayo hayatawasaidia. Wahusika wenyewe nimekwisha kuwaeleza, uso kwa uso. Nalisema tena hapa mbele ya kila mtu kwa sababu nawasikia vijana wa kazi yangu wakitoa ahadi ile ile niliyoitoa mimi, kwa moyo mweupe ule ule, na najua inakoishia.

Kazi ilianza vizuri. Kikundi cha wafanyabiashara na walimu waliokuwa wakiweka na kukopa pamoja walitaka intaneti ya kushirikiana. Modemu za simu zilikuwepo, ila bando lilikuwa ghali na halikai. Wakaniita mimi kwa kuwa nilisomea mawasiliano, na kwa kuwa mama yangu ni mzaliwa wa huko. Nikawachorea mpango: tukodi laini moja ya megabiti 4 kwa sekunde kutoka Tanga, tuishushe kwenye mnara mmoja karibu na soko, kisha tuisambaze kwa ruta ndogo za bei nafuu juu ya mapaa ya wanachama. Kila ruta ingepokea ya kwake na kupitisha ya mwenzake. Nyumba ya kwanza ingeipitishia ya pili, ya pili ingeipitishia ya tatu, mpaka mji mzima ushikane kama jarife la wavuvi.

Siku ya mkutano nilisimama nikasema: "Kila anayejiunga anauongezea mtandao nguvu. Kadiri tutakavyokuwa wengi, ndivyo utakavyokuwa bora." Watu waliitikia kwa furaha. Tumekua tukiambiwa umoja ni nguvu, na mimi nilichukua heshima ya methali hiyo nikaivisha mawimbi ya redio, ambayo hayaijui.

Kwa vituo 6 vya mwanzo nilionekana mkweli. Ruta moja ikizimika, ujumbe ulipita kwa nyingine. Walimu walipakua mitihani iliyopita, gesti mbili zikaanza kupokea wageni waliolipia nafasi kabla ya kufika, na watoto wa kikundi wakawaona kwa video ndugu zao walioko Muscat. Sifa zikaenea. Wakaja wengine: fundi cherehani, duka la dawa, mwenye boti za watalii, nyumba kwa nyumba. Nikapandisha kituo hata upande wa pili wa mto, Bweni, ardhi inapoinuka, nikajivuna kwamba kutoka pale kinaonekana na mji mzima. Mwisho wa mwaka 2011 tulikuwa na vituo 38. Kila nilipofunga kimoja, ramani yangu ilizidi kupendeza na mimi nilizidi kuamini kwamba nimejenga kitu kikubwa.

Sikuwa nimetofautisha mambo mawili ambayo mtoto wa Pangani anayatofautisha kila siku akiwa kwenye gati: kufika na kubeba. Kila kituo kipya kiliufanya mtandao ufike mbali zaidi. Hakuna hata kimoja kilichouongezea uwezo wa kubeba.

Malalamiko yalianza kidogo kidogo. Mchana kunakwenda, jioni kunakwama. Aliyekuwa karibu na soko hakuwa na neno. Wa mbali ndio waliolia. Mimi nilikuwa na jibu kwa kila mmoja. Huyu antena yake imegeuzwa na upepo, yule ana minazi mbele ya paa, mwingine amenunua simu feki. Baadhi ya majibu hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli huo mdogo ndio ulionisaidia kuukwepa mkubwa.

Mtu aliyeniletea ukweli mkubwa alikuwa mama mmoja mwenye steshenari, mwisho kabisa wa mji. Anachapa barua, anatoa kopi, anawajazia vijana fomu za maombi ya vyuo. Kutoka mnarani mpaka kwake kulikuwa na miruko mitano, yaani ujumbe uliruka hewani mara tano ndipo umfikie. Alinikuta asubuhi gesti nilikofikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuletea hesabu."

Akafungua daftari la shule, lile la kurasa 96. Kwa siku nyingi alikuwa amepakua faili moja tu, lile lile, la megabaiti 3, kwa saa tofauti, akiandika muda uliotumika. Alfajiri saa kumi na moja: sekunde 40. Saa nne asubuhi: dakika 4. Saa mbili usiku: limegoma. Kisha, bila kufundishwa na mtu yeyote, alifanya jambo ambalo mimi mwenye shahada sikuwa nimelifanya. Mpwa wake alikuwa mlinzi wa gesti iliyo chini ya mnara. Akamwomba naye apakue faili hilo hilo alfajiri ile ile. Kwa mpwa: sekunde 6.

"Sasa Injinia," akasema, "alfajiri ile tumeamka watu wawili, na tumepokezana, yeye akimaliza ndipo mimi ninaanza. Kama maji ni machache bombani, tungekosa wote. Mbona yeye hangoji na mimi nangoja?"

Nilimjibu kwamba kompyuta yake huenda ina virusi.

Niliyasema maneno hayo kwa sauti ya upole, ile sauti ya mtaalamu anayemhurumia asiyejua. Mama hakubishana. Aliliweka daftari mezani, akasema, "Basi kaa nalo. Labda utaona nisichokiona." Akaondoka kufungua duka.

Wiki hiyo hiyo uongozi wa kikundi uliitisha mkutano. Usiku uliotangulia nilifungua mchoro wa matumizi ya laini yetu ya Tanga. Jioni zote za mwezi ule mstari ulipanda mpaka megabiti 1.5, ukalala hapo hapo hadi watu walipokwenda kulala. Laini ilikuwa ya 4. Zaidi ya nusu yake ilikuwa ikikaa tupu saa zile zile ambazo watu walikuwa wakiniapia kwamba imejaa. Niliona. Nikajiambia kifaa cha kupimia kina hitilafu, nikakifunga.

Kesho yake nikasimama tena mbele yao. Nikasema tumekuwa wengi, laini haitoshi, na huenda kampuni inayotukodisha haitupi tulicholipia. Nikapendekeza tupandishe kutoka megabiti 4 hadi 8. Mchango ukapanda kutoka shilingi 20,000 kwa mwezi hadi 32,000. Ile kampuni ilikuwa ikitupa sawasawa tulichokinunua, na mimi niliitilia shaka mbele ya watu 30 na zaidi bila ushahidi wowote.

Laini ikapanda. Jioni ya kwanza mstari ulifika 1.5 ukalala.

Hapo ndipo ningesimama na kusema nimekosea. Badala yake nilipandisha nguvu za kurusha mawimbi kwenye kila ruta, nikidhani sauti kubwa itasikika mbali. Mstari ukashuka hadi 1.2. Nikaongeza vituo vingine viwili katikati kuziba mianya. Ukashuka tena. Kwa miezi 7 kila mwanachama alitoa shilingi 84,000 juu ya mchango wake wa zamani, kwa ajili ya megabiti ambazo zilikaa mnarani sokoni zikisubiri njia ya kutoka. Fundi cherehani alishindwa kulipa, akajiondoa. Nilipanda juu ya paa lake mwenyewe kuishusha ruta yake.

Hebu sasa nieleze kilichokuwa kikitokea hewani, kama nilivyopaswa kukieleza tangu siku ya kwanza.

Ruta zetu zilikuwa na redio moja kila moja. Redio ya namna hiyo haiwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Inapopitisha ujumbe wa jirani, kwanza inausikiliza, kisha inaurudia. Ujumbe ule ule umetumia hewa mara mbili. Kwa miruko mitano, umetumia hewa mara tano. Na hewa hiyo haikuwa ya ruta moja: ili ziweze kupitishiana, zote nilizifunga kwenye chaneli moja ya masafa ya gigahezi 2.4.

Zipange nyumba kwa mstari kutoka sokoni. Ya kwanza ikisema na ya pili, ya tatu lazima inyamaze, kwa kuwa ya pili inaisikia na haiwezi kusikiliza wawili. Ya nne nayo inyamaze: maneno yake hayafiki kwa ya pili yakaeleweka, lakini yanafika kama kelele, na kelele inatosha kuharibu. Kwa hiyo katika kila nyumba nne, moja ndiyo inayosema. Mwaka 2001 watafiti wa MIT nchini Marekani, akina Jinyang Li na Robert Morris, walilipima jambo hili kwa mlolongo mrefu wa vituo vya namna hii. Waliona kwamba kwa mpangilio bora kabisa wa zamu, mlolongo unabeba robo ya uwezo wa redio moja. Kwa taratibu za kawaida za Wi-Fi, ambapo kila kituo kinajikisia zamu yake, waliambulia kama sehemu moja ya saba.

Kwenye boksi la ruta zetu iliandikwa megabiti 54. Kwa umbali wa mapaa yetu na minazi katikati, tulikuwa tukipata 5 za kweli kwa mruko mmoja. Gawa 5 kwa 7, unapata 0.7. Faili la megabaiti 3 ni megabiti 24; kulipakua kwa sekunde 40 ni kasi ya 0.6. Na kwa mpwa, mruko mmoja tu kutoka mnarani, sekunde 6 ni megabiti 4 kamili, yaani laini nzima. Daftari la yule mama lilikubaliana na makala ya MIT karibu tarakimu kwa tarakimu, na kompyuta yake haikuwa na virusi.

Hiyo ilikuwa alfajiri, mtu mmoja akitumia. Jioni, wote 38 walitaka kitu kimoja: kufika mnarani. Ruta zilizouzunguka mnara zilibeba mizigo yote ya nyuma yake, kila moja ikirudia ya mwenzake kwenye hewa ile ile. Nyumba mbili zilizotenganishwa na kuta nene za mawe za zamani hazikusikiana, kila moja ikadhani kuna ukimya, zikasema pamoja, na mnara ukasikia vurugu. Zikarudia, zikagongana tena. Kituo changu cha Bweni, kile nilichojivunia, kilikuwa kibaya kuliko vyote. Kwa kuwa kilionekana na mji mzima, kila kilipofungua mdomo mji mzima ulinyamaza.

Hili la kugongana lilijulikana kabla sijazaliwa. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio uliounganisha visiwa, ambapo kila kituo kilirusha ujumbe wakati wowote kilipotaka na kurudia kama haukufika. Hesabu ya Abramson ilionyesha kwamba kwa utaratibu huo hewa haiwezi kutumika vizuri zaidi ya asilimia 18 hivi. Ukizidisha wasemaji kupita hapo, kinachofika kinapungua. Wi-Fi ni bora, kwa sababu husikiliza kwanza kabla ya kusema. Ila anayesikiliza kutoka nyuma ya ukuta wa mawe hasikii.

Na kupandisha nguvu? Claude Shannon alikwisha kutuambia mwaka 1948 kwamba uwezo wa njia ya mawasiliano unategemea upana wa masafa na uwiano wa ishara kwa kelele, na kwamba nguvu ikizidishwa maradufu, uwezo hauongezeki maradufu. Unasogea kidogo tu. Hiyo ni kwa msemaji mmoja. Mimi nilizipandisha zote pamoja, kwa hiyo ishara ilipanda na kelele ikapanda nayo. Ni kama kwenye harusi, meza moja inapopaza sauti ili isikilizane, ya pili nayo inapaza, mwisho ukumbi mzima unapiga kelele na hakuna anayemsikia wa pembeni yake.

Juu ya yote hayo kuna kikomo kikubwa zaidi, na hiki ndicho kinachoniuma kuliko vingine. Machi 2000 Piyush Gupta na P. R. Kumar wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Urbana-Champaign walichapisha makala iliyouliza hivi: vituo vingi vikitumia masafa yale yale na kupitishiana ujumbe bila waya, kila kimoja kinaweza kupata kiasi gani? Walimpa mpangaji kila upendeleo. Apange zamu bila kukosea, achague njia bora, kila kituo kinong'one na jirani wa karibu tu ili wengi waweze kusema kwa wakati mmoja. Ukiongeza vituo, manong'ono ya wakati mmoja yanaongezeka. Hiyo ni faida. Lakini nyumba zikisongamana, kila mnong'ono unasafiri hatua fupi zaidi, na ujumbe wa kuvuka mji unahitaji miruko mingi zaidi, ikikua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vituo. Kupitishiana kunaila ile faida. Fungu la kila kituo linapungua kwa kipeuo hicho hicho: kwa makadirio ya jumla, vituo 100 vinamwachia kila mmoja sehemu ya kumi, na vituo 10,000 sehemu ya mia. Wao wenyewe walimalizia kwa ushauri kwamba mitandao ya namna hii ifikiriwe kwa vituo vichache, au kwa watu wanaozungumza zaidi na majirani zao.

Na kwenye hesabu yao kila kituo kinatafuta kituo kingine popote mjini. Sisi sote tulitaka lango moja. Kwa mtandao wa namna yetu, Jangeun Jun na Mihail Sichitiu walionyesha mwaka 2003 kwamba fungu linashuka kwa idadi yenyewe bila kipeuo: watumiaji wakizidi mara kumi, kila mmoja anabaki na sehemu ya kumi.

Makala ya Gupta na Kumar niliijua. Nilifundishwa chuoni. Iliulizwa kwenye mtihani wa mwaka wa mwisho, nikaiandika hesabu yake hatua kwa hatua, nikapata alama nzuri. Nakala yake ilikuwa kwenye kompyuta ile ile niliyoibeba Pangani. Wala siwezi kujitetea kwamba elimu haikunifikia.

Nilikuwa nimejipatia pa kujifichia. Mwaka 2007 Ayfer Özgür, Olivier Lévêque na David Tse walionyesha kwamba vituo vikishirikiana kwa mpangilio wa ngazi, kundi zima likirusha kwa pamoja kana kwamba ni antena moja kubwa, uwezo wa jumla unaweza kukua karibu sawa na idadi ya vituo. Nilisikia neno "ushirikiano" nikafurahi, sikusoma masharti. Ushirikiano ule unadai vituo vilivyolinganishwa mapigo kwa usahihi ambao ruta zetu za dukani hazikuuota. Na mwaka 2009 Massimo Franceschetti, Marco Migliore na Paolo Minero walionyesha kwamba vituo vikiwa vingi mno kulinganisha na ukubwa wa eneo na urefu wa wimbi, kikomo cha kipeuo cha pili kinatoka kwenye fizikia ya mawimbi yenyewe. Nafasi ina kiasi chake cha ujumbe inachoweza kupitisha, na ujanja wa fundi hauipanui.

Nilitakiwa hata nijiulize mbona kampuni za simu hazijengi nilivyojenga mimi. Simu iliyo mkononi mwako, kwa kawaida, inaruka hewani mara moja tu, mpaka mnara wa karibu. Kutoka hapo sauti yako inaingia kwenye nyaya za nuru au kwenye antena mbili zilizoelekezana, kila jozi kwenye njia yake. Watumiaji wakizidi, kampuni inajenga minara mingine na kupunguza eneo la kila mmoja ili masafa yale yale yatumike upya mbele kidogo. Ni kazi ya gharama, nami nilidhani nimeikwepa kwa kuwapa watu mzigo wa kubebeana.

Niliifungua upya makala ya Gupta na Kumar usiku mmoja wa vuli, mvua imenifungia gesti. Pembeni yake nikaliweka daftari la mama. Nikachora nukta zake zote kwenye karatasi: muda kwa miruko, muda kwa saa. Nilipomaliza sikuweza kulala. Sikuona jambo lolote jipya kwenye ile karatasi. Kila nukta niliitambua.

Marekebisho yenyewe hayakuwa magumu, na hilo linazidi kunihukumu. Mwanzoni mwa 2013 nilifunga antena za kuelekezana za gigahezi 5 kutoka sokoni hadi sehemu tatu zilizoinuka, ili mzigo mkubwa usipite tena juu ya mapaa ya watu. Kila sehemu ikawa na kundi lake na chaneli yake: 1, 6 na 11, zile tatu ambazo kwenye gigahezi 2.4 haziingiliani. Hakuna nyumba iliyobaki zaidi ya miruko miwili kutoka mnara wake mdogo. Bweni nikaipa njia yake peke yake. Nikaweka kompyuta moja sokoni yenye mitihani iliyopita na masomo ya video, ili mwalimu anapoyahitaji ayachukue hapo hapo mjini. Mafaili makubwa zaidi tukawa tunayaleta kwenye diski kwa basi la Tanga. Matthias Grossglauser na David Tse walikwisha kuandika mwaka 2001 kwamba vituo vinavyotembea vinaweza kubeba ujumbe bila fungu kupungua, mradi mtu akubali kungoja. Watu wa pwani wamekuwa wakituma vifurushi kwa basi muda wote huo.

Jioni ya kwanza baada ya kazi hiyo mstari ulipita 1.5, ukapita 4, ukaendelea. Nyumba za mwisho za mji zikaona video bila kukatika. Kikundi kikanipikia pilau. Mwenyekiti akasimama akanishukuru kwa "kuuboresha mfumo." Na mimi nilikula ile pilau, nikasema asanteni, sikusema neno jingine.

Ukimya huo nauhesabu kuwa kosa kubwa kuliko kosa la kwanza. La kwanza lilikuwa na ujinga ndani yake, hata kama ni ujinga wa kujitakia. Lile la pilau nilikuwa najua yote: kwamba wakati ule 8 hazikuhitajika, kwamba 84,000 zao zilipotea, kwamba fundi cherehani aliondoka bila sababu, kwamba mama alikuwa sahihi. Niliwaacha waamini kwamba walivumilia tatizo na mimi nikalitatua.

Kwa nini sikuwaambia kikomo tangu mwanzo? Nimejichunguza sana kwa hili. Kiburi kilikuwepo. Lakini chini ya kiburi kulikuwa na hofu: niliamini kwamba nikisema "mtandao huu unabeba watu kadhaa tu," kikundi kitagombana nani aingie na nani abaki nje, na kazi itavunjika. Niliwaona kama watu ambao hawawezi kuambiwa hapana. Hao hao ambao kila mwezi hukaa na sanduku la pesa lenye kufuli tatu, wakijua hasa ni shilingi ngapi zimo na nani zamu yake ya kukopa bado.

Mwaka 2017 nilirudi, nikaomba mkutano. Nilieleza kila kitu nilichokieleza hapa. Nilipomaliza, mzee mmoja mvuvi, mwanachama tangu vituo vile 6, aliniuliza: "Ulipotuambia tuongezeke, ulikuwa unajua?"

Nikamjibu: "Siku ile sikujua, mzee. Lakini elimu ya kujua nilikuwa nayo, na sikutaka kuitazama. Siku niliyowaambia mnunue 8, nilikuwa nimeuona mchoro. Hiyo nilijua."

Yule mama wa steshenari alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliniuliza kama barabara ya Tanga ikipanuliwa, kivuko cha mtoni kitavusha magari mangapi kwenda Bweni. Nikasema yale yale ya kila siku. Akatikisa kichwa, akasema, "Hivyo ndivyo ilivyokuwa, basi." Nilimrudishia daftari lake na kumwomba radhi kwa neno la virusi, mbele ya watu kama nilivyolisema kosa langu mbele ya watu. Alinisamehe. Ile tofauti ya mchango niliirudisha kidogo kidogo kwa muda wa zaidi ya mwaka, kwa kila niliyempata. Ya fundi cherehani, aliyekuwa amehamia Korogwe, niliituma kwa simu baada ya kumpigia na kumweleza ni ya nini.

Kabla sijaondoka walinitaka nifanye jambo moja ambalo sikulitarajia. Mweka hazina alifungua kitabu cha kikundi kwenye ukurasa mpya akaniambia niandike kwa mkono wangu: kila mnara mdogo unabeba vituo vingapi, na miruko mingapi. Niliandika: vituo 12, miruko 2. Nikatia saini.

Miezi michache baadaye alinipigia. Duka la dawa jipya lilitaka kujiunga na mnara wa upande wa mto, ambao tayari ulikuwa na 12. Walimfungulia mwenye duka ule ukurasa wakamsomea. Aliuliza mnara mwingine mdogo ni shilingi ngapi. Wakamtajia. Akalipa nusu, kikundi kikaongeza nusu, na mweka hazina alikuwa ananipigia kuniuliza chaneli ipi iko wazi.